Jina la Kumi na Moja

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Uliye jikoni, punguza moto kidogo. Uliye dukani Sirari, na wewe ndugu yetu unayetukamata huko ng'ambo, Isebania hadi Migori, vuta kiti. Sauti hii mnaijua. Mmezoea kuisikia ikicheka na kuwatania wakwe zenu. Leo mtanivumilia.

Mama Adoyo Oduol ametutoka. Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi. Mama Adoyo Oduol, wa Sota, pale ufukweni Shirati, amefariki Jumatatu asubuhi akiwa na miaka sabini na tisa. Anazikwa Jumamosi, nyumbani kwake Sota, kando ya mumewe, Mzee Owuor.

Wengine mnamkumbuka kwa jina la Mama Kutwa. Ndiyo, yule wa safari za kutwa. Yule aliyetoa watu kwenye jua la ziwani alfajiri, akawapandisha milimani, akawarudisha kabla giza halijaingia. Kama uliishi Shirati au Utegi kuanzia mwaka themanini na nne, basi wewe mwenyewe umewahi kukaa kwenye benchi la ile Isuzu, au mama yako amekaa.

Nina jambo la kusema kabla kipindi hakijaisha. Linamhusu yeye, na linanihusu mimi. Nimelikalia miaka thelathini na mmoja. Fundi mitambo wetu ananiangalia kupitia kioo, anajiuliza leo huyu mzee ana nini. Subiri, kijana. Nitafika.

Tuanze na Mama mwenyewe.

Mzee Owuor alinunua Isuzu iliyokuwa ikibeba pamba. Akataka kubebea samaki. Mama Adoyo akamwambia, "Samaki hawasemi asante. Tubebe watu." Wakafunga mabenchi mawili ya mbao, wakatandaza turubai juu, na Mama akaanza kupita ufukweni asubuhi na kikapu chake kichwani.

Siku zile wageni walikuja kwa wingi kuliangalia ziwa. Manesi, walimu wa likizo, wageni wa misheni, na ndugu za watu kutoka upande wa Kenya waliokuja kuwasalimia shangazi na kuoga jua. Siku ya kwanza wanafurahi. Siku ya pili wameungua mabega. Siku ya tatu wamenuna. Hapo ndipo Mama Adoyo alipowakuta. "Ziwa halikimbii," aliwaambia. "Mtalikuta kesho kutwa. Twendeni mkaone ukungu."

Na kweli watu wa ziwani hatukuujua ukungu. Nasema watu wa ziwani, lakini mimi ni Mkurya wa Itiryo, msinitafutie ugomvi. Nilikuwa nimeshuka tu kutafuta kibarua.

Safari zake zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa Tarime mjini, siku ya soko. Ya pili ilipanda juu Itiryo, unasimama kwenye mgongo wa kilima na kuiona Kenya yote imelala mbele yako kama ngozi iliyoanikwa. Ya tatu ilikuwa ndefu, kupitia Mugumu hadi karibu na mpaka wa hifadhi, kuwaangalia nyumbu kwa mbali. Kila safari kulikuwa na samaki wa kukaanga, kuon iliyofungwa kwenye majani ya mgomba, ule ugali wa Wajaluo unaoshikana kama tofali, na chai kwenye birika kubwa lililofunikwa blanketi kama mtoto.

Na kila safari ilikuwa na sheria moja. Nataka muishike sheria hii, wasikilizaji wapendwa, maana kila kitu kinasimama juu yake.

Kabla gari halijaondoka mahali popote, Mama Adoyo alizunguka nyuma, akashika ubao wa gari, akaita majina. Hakuwa na karatasi. Majina yote alikuwa nayo kichwani, kwa mpangilio mliopanda asubuhi. Na kila mtu alijibu mwenyewe, kwa mdomo wake. "Nipo." Ukifika unakoshuka, unamwendea Mama na kumwambia, kwa mdomo wako, "Nimefika." Hakuna kumjibia mwenzako. Hata mke hamjibii mume.

Bintiye, Akello, aliniambia jana kwa simu: "Hata nyumbani alituita hivyo. Sisi watoto sita tuko mbele yake, anatuona, lakini lazima kila mmoja aitike. Ukimjibia mdogo wako, unachapwa wewe. Nilimuuliza, mama, kwa nini? Akasema, mtu akijibiwa na mwingine, yeye mwenyewe atajuaje kwamba ameitwa?"

Mara moja, Mugumu, nesi mmoja hakuitika. Watu wakapiga kelele, "Yupo, Mama, yupo tu nyuma huko, twende!" Mama akatia mikono kiunoni. Gari lilikaa saa nzima na nusu juani. Wakamkuta nesi amelala fofofo nyuma ya kanisa, kiatu kimoja mguuni. Walimcheka nesi hadi Shirati. Mama hawakumcheka tena.

Sasa tufike mwaka tisini na tatu.

Wazee wenzangu mnaukumbuka. Dhahabu ilikuwa imewatia watu wazimu. Walimu waliacha chaki. Wenye ng'ombe waliuza ng'ombe, na Mkurya akiuza ng'ombe bila harusi ujue kuna jambo. Kule Kemambo vilima vilichimbwa kila mahali. Na wageni wa ufukweni nao wakaanza kumwambia Mama Adoyo, "Sisi nyumbu tumeshawaona. Tupeleke tukaone dhahabu."

Hakupenda. Mzee Owuor naye hakupenda. Lakini abiria wakikuambia hivyo mwezi mzima, unafanyaje? Ikawa safari ya nne.

Kulikuwa na machimbo yaliyoitwa Subiri Kwanza. Jina lilitokana na walinzi wa maduara, yale mashimo ya wachimbaji, ambao kila ukisogea walikufokea, "Subiri kwanza!" Isuzu haikufika pale hasa. Ilisimama kwenye kilima cha pili, ng'ambo ya bonde dogo, na watu walishuka kwa miguu kwenda kuchungulia.

Nimepata kufika mahali pengi kwa kazi hii ya redio. Sijaona mahali kama pale. Ufukweni tuliondoka jua linawaka, maji yanameremeta. Saa tano asubuhi tuko Kemambo, na hakuna jua. Ukungu umekaa bondeni. Watu wanatoka ardhini wamejaa vumbi jeupe, nywele, kope, midomo, hata huwezi kujua huyu ni nani. Unamsalimia mtu, kumbe ni jirani yako, na hakujibu kwa sababu hajakusikia. Masikio yao yalijaa vumbi pia. Na ukisimama kimya kwenye yale majani, ulisikia mtu akikohoa chini ya nyayo zako. Chini kabisa. Anakohoa, anatulia, anakohoa tena. Unainua mguu haraka kama umemkanyaga.

Mama Adoyo alikataa kushuka bondeni. Alibaki garini na birika lake.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa nane. Abiria walikuwa kumi na wanne. Kati yao kulikuwa na vijana wawili wa Itiryo, vibarua waliokuwa wakijenga darasa pale Shirati, wakapata siku ya mapumziko. Wa kwanza aliitwa Simioni Wangwe. Katika orodha ya Mama Adoyo, Simioni alikuwa jina la kumi na moja.

Kijana wa pili alikuwa mimi. Elia Werema. Jina la kumi na mbili.

Sijawahi kusema hivyo hewani. Fundi, usiguse kitu. Niache.

Simioni na mimi tulikuwa saro. Msikilizaji usiye Mkurya, nikueleze. Saro wako ni yule mliyepita jandoni pamoja. Ni zaidi ya rafiki na wakati mwingine ni zaidi ya ndugu. Saro wako akiitwa na hayupo, wewe unajibu. Akidaiwa neno, unalibeba. Kwetu huko si uongo. Ni heshima. Ukikaa kimya saro wako anapoitwa, wewe ndiye utakayesemwa na rika zima.

Sasa weka sheria ya Mama Adoyo hapa, na desturi yetu pale. Mimi nilikuwa katikati, na umri wangu ulikuwa miaka ishirini.

Saa sita mchana Simioni alinivuta pembeni. Alikuwa amekutana na mjomba wake mmoja kwenye duara. Macho yake yalikuwa yanacheka. Akaniambia, "Saro, leo naingia. Nipe siku moja tu. Kesho nashuka na lori la mawe. Mama akiita, niitikie."

Nikamwambia, "Yule mama hapendi."

"Mura, kijana mwenzangu, kwani atajua? Sauti zetu ni moja."

Ni kweli, watu walituchanganya sauti. Akanivulia sweta lake, la kijani, maana chini ni joto. "Nishikie nafasi," akasema. Akaenda. Nilimwona akishikilia kamba, kisha nikaona kichwa, kisha sikuona kitu.

Saa nane mchana tulikuwa tumesharudi garini tunakula. Ninakumbuka chai ilitetemeka kwenye vikombe. Miduara midogo midogo, kama mtu amepita karibu na hatua nzito. Mama Adoyo akaangalia kikombe chake. Akasema, "Wanasaga mawe." Sote tukakubali kwamba wanasaga mawe. Ukungu ulikuwa mzito, hatukuona ng'ambo. Tukaendelea kula samaki.

Saa kumi mvua ikaanza. Mzee Owuor akawa na wasiwasi na ule mteremko wa udongo, alitaka tuvuke kabla haujalowa. Akawasha gari. Turubai likateremshwa pande zote. Nyuma kukawa giza, tukikaa magoti kwa magoti, mvua inapiga juu. Na siku ile, siku ile moja tu, Mama Adoyo hakushuka kuzunguka nyuma. Alikaa mbele, akageuka, akaita majina kupitia kile kidirisha kidogo.

Alifika la kumi. La kumi likaitika.

"Simioni Wangwe."

Nikajibu, "Nipo."

Na mara moja, kabla sijafunga mdomo, ikaja tena. "Nipo."

Tukasikia sauti ya Mama Adoyo kutoka mbele, anacheka kidogo: "Tumesikia, Simioni. Mara moja inatosha." Watu wakacheka. Akaita jina la kumi na mbili, nikaitika. Gari likaondoka.

Tulifika Tarime mjini jioni, kusimama kidogo kama kawaida, pale kituo cha zamani, kwenye ule mkuyu uliokatwa baadaye. Nikaona shida. Akija nyuma, ataona nafasi tupu. Nikaruka chini upesi, nikaenda dirishani kwake. Nikamwambia, "Mama, Simioni amefika. Ameshukia hapa, anaenda kwao Itiryo."

Akaniangalia. "Mbona hakuja kuniambia mwenyewe?"

"Ana haraka, Mama."

Akaliondoa jina kichwani. Safari ikaendelea hadi Shirati, na Simioni Wangwe hakuitwa tena.

Kesho yake habari zikatufikia. Duara alilokuwamo Simioni lilianguka. Lilianguka saa nane mchana. Narudia, wasikilizaji wapendwa. Lilianguka saa nane. Majina yaliitwa saa kumi. Walichimba siku nne, kisha kilima chenyewe kikaanza kusogea, wakaacha. Hakuonekana hadi leo.

Mnajua maneno yanavyotembea. Ndani ya wiki moja, kuanzia Nyarero hadi Sota, watu walikuwa wakisema Mama Adoyo ameita jina la mtu aliyefukiwa, na aliyefukiwa ameitika. Abiria walikumbuka kicheko chake: mara moja inatosha. Wengine wakasema alimwita kwa makusudi. Wengine wakasema amebeba mfu kwenye gari la watu. Wengine wakasema ni mwongo tu, aliacha mtoto wa watu kilimani na sasa anajifunika kwa hadithi. Wale kumi na wawili wengine waliulizwa mmoja mmoja. Mvua ilikuwa inapiga turubai, watu walikuwa wanapiga soga. Wapo waliosema walisikia jibu moja. Wapo waliosema hawakusikiliza. Hakuna hata mmoja aliyesema alisikia mawili.

Nami niliulizwa. Nikasema nilikuwa nimesinzia.

Simioni ana mama. Jina lake Boke Wangwe, wa Itiryo, na yu hai. Mwezi mmoja baadaye, Mama Adoyo alipanda hadi Itiryo peke yake, amebeba tunda la yago ndani ya kanga. Lile tunda refu zito la mwitu. Kwa Wajaluo, mtu akipotea na mwili usionekane, wanazika yago mahali pake, ili naye awe na kaburi na watu wake wapumzike. Alifika uani, akapiga magoti, akaliweka mbele ya Mama Boke.

Mama Boke hakuligusa. Akasema, "Mwanangu aliitika. Wewe mwenyewe umesikia. Aliyeitika hazikwi."

Hakunyoa nywele, hakulia, hakufanya matanga. Kila jioni, miaka yote hii, anafunika sahani moja ya chakula.

Mama Adoyo akarudi na tunda lake. Safari ziliendelea, lakini abiria wakapungua, na kufikia mwaka elfu mbili Isuzu ilikuwa imekaa chini ya mti inafugiwa kuku. Hakuacha jambo moja. Kila mwaka, mwezi wa nane, alitafuta lifti hadi Kemambo, akasimama kwenye kilima cha pili, akaita majina kumi na manne. Kwenye la kumi na moja alingoja. Akello aliwahi kumsindikiza. Anasema: "Alingoja hadi miguu yangu ikauma. Nikamwambia, mama, hakuna mtu. Akasema, sitafuti mtu aliyeitika. Natafuta mtu aliyesikia."

Hicho tu, wasikilizaji wapendwa. Mtu mmoja wa kusema, hata mimi nilisikia. Wakamwita mwongo, akaitwa mchawi, akasusiwa kanisani, akaachiwa benchi zima. Mtu mmoja angetosha.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kumwona hospitalini. Alikuwa mdogo kitandani, mkono wake mwepesi kama kijiti. Nikasema, "Shikamoo, Mama." Akaniitikia marahaba. Nikapiga magoti pale sakafuni. Nikamwambia, "Mama, aliyemjibia Simioni ni mimi."

Akatabasamu. Akasema, "Nyathina, mwanangu, aliyejibu kwanza nilijua ni wewe tangu siku ile. Ulikuja dirishani ukaniambia amefika. Sauti ni ile ile."

Miaka thelathini na mmoja ametukanwa, na jina langu analo kichwani pamoja na mengine yote. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema, "Ningekutaja, ukoo wa Wangwe wangekufanya nini? Mama mmoja alikuwa ameshapoteza mtoto. Sikutaka wawe wawili."

Kisha akanishika kidole. Akavuta pumzi. "Mimi nauliza yule wa pili. Ulikaa pale pale. Ulimsikia?"

Nesi alikuwa karibu. Mgonjwa mwingine alikuwa anatuangalia. Na mimi ni mtu wa redio, watu wananijua, nilikuwa na shati jeupe na kitambulisho kifuani. Nikasema, "Hapana, Mama. Mimi sikusikia."

Akaachia kidole changu. Akageukia ukutani. Akasema, "Basi nilikuwa peke yangu."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia Mama Adoyo Oduol. Jumatatu asubuhi alifariki.

Nilimdanganya, wasikilizaji wapendwa. Nilisikia.

Nilisikia vizuri kuliko mtu yeyote duniani, maana ilitokea kwenye nafasi niliyoshikilia. Upande wa kushoto, penye sweta la kijani. Karibu na sikio hili ninalovalia hedifoni sasa. Niligeuka. Kulikuwa na sweta tu. Lakini benchi lilikuwa limebonyea kidogo, na sweta lilikuwa na vumbi jeupe ambalo halikuwapo nilipolipokea. Nilihisi mkono wangu wote umepoa. Nikasema moyoni, mtu ananitania. Nimesema hivyo kwa miaka thelathini na mmoja. Mama Adoyo hakuwa mwongo. Hakuwa mchawi. Aliita na kuitikiwa mara mbili, na mimi ni shahidi wake. Nimechelewa siku chache.

Jana asubuhi nilipanda Itiryo. Sikutaka Mama Boke alisikie hili kwanza kutoka redioni. Nilimkuta anachambua ulezi kwenye ungo. Nikamsalimia, nikakaa chini, nikamweleza yote, tangu kamba hadi hospitali. Nilidhani ataninyanyulia mchi. Ningekubali.

Hakunyanyua kitu. Vidole vyake viliendelea kutoa mawe kwenye ulezi. Akasema, "Ulimjibia. Ndivyo saro hufanya." Kisha akauliza, "Huyo wa pili, sauti yake ilikuwaje? Alikuwa analia?"

Nikasema, "Hapana, Mama. Alikuwa anahema. Kama mtu aliyechelewa, amekimbilia gari."

Vidole vikasimama.

"Basi aliliwahi," akasema. "Alipanda."

Nikaokota punje ya ulezi iliyoanguka, nikairudisha kwenye ungo.

"Alikuwa anakuja nyumbani." Akainua macho, akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Na ninyi mkamshushia wapi?"

Mkamshushia wapi. Nilifungua mdomo, na hapo ndipo nilipojiona niko dirishani kwa Mama Adoyo, kijana wa miaka ishirini, ninasema, Mama, Simioni amefika. Ameshukia hapa.

Ni mimi niliyemshusha. Nilimshushia Tarime mjini, kituo cha zamani, nusu ya njia, kwa mdomo wangu, na jina lake halikuitwa tena.

Studio hii, kwa msiojua, iko hatua chache tu kutoka kituo cha zamani. Nimefanya kazi hapa miaka ishirini na sita. Nimepata kuitwa Mwanza, nimepata kuitwa Dar es Salaam, kwa mshahara mzuri. Kila mara nilifunga begi na kulifungua. Nilidhani napenda nyumbani.

Kwa familia ya Mama Adoyo Oduol, kwa Akello na ndugu zako, kwa majirani wote wa Sota: poleni sana. Mungu awape nguvu. Mlikuwa na mama mkweli, na mtu aliyeweza kulisema hilo alikaa kimya. Naomba mnisamehe, kama mtaweza. Jumamosi nitakuwepo, nitakaa nyuma ya watu wote. Mama Boke naye atakuwepo. Ameniambia nimwambie Akello atafute yago, lile lile la mwitu, atakuja kulichukua mwenyewe.

Na wewe msikilizaji, leo ukizima redio, fikiri kidogo. Kuna mtu ulimjibia? Ulisema yupo, na hayupo? Ulisema amefika, na hajafika? Sikuombi jibu. Kaa nalo tu.

Jumapili saa kumi jioni tutaegesha gari pale kituo cha zamani. Ni mimi, Akello, na Mama Boke na tunda lake. Tunakwenda Itiryo, kumfikisha. Kwenye benchi, upande wangu wa kushoto, hatakaa mtu. Sweta ninalo, sijawahi kulifua. Mama Boke atazunguka nyuma ya gari, atashika ubao, na ataita jina moja tu. Kisha tutangoja. Hata kama ni mpaka miguu iume.

Safari hii, wasikilizaji wapendwa, mimi sitamjibia.